Kuishi kwa Ukili: Mwongozo kwa Msukaji Anayeishi Shamba Kisiwani Pemba

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya msukaji wa mikeka, misala ya kusalia, mikoba na kawa za kufunikia chakula anayeishi shamba kisiwani Pemba, ambaye anataka kazi ya mikono yake imlishe bila ya kuhamia Chake Chake wala kuvuka bahari kwenda Unguja. Mchonga mbao, mshonaji wa kofia na mtengenezaji wa ngoma wataona mengi yanayowahusu pia, kwa kuwa sote tumo katika hali moja: jirani ndiye mteja, mteja ndiye jamaa, na jamaa huyo huyo ndiye anayekuja kukaa nawe barazani wakati unahesabu chane, vile vipande vyembamba vya majani vinavyosukwa kuwa ukili, yaani mkanda unaoshonwa kuwa mkeka. Nimesuka tangu nilipokuwa mtoto wa skuli, na kwa zaidi ya miaka 20 nimeishi kwa kazi hii. Wasukaji niliowaona wakiacha kazi walikuwa na mikono mizuri kuliko yangu, lakini hawakuwa wakihesabu saa zao, na saa za msukaji asipozihesabu mwenyewe hakuna mwengine atakayemhesabia.

Panga mwaka wako kwa jua na mvua

Ukindu, yaani majani ya mkindu tunayosukia, una majira yake, nayo hayabadiliki kwa sababu mteja ana haraka. Mkindu huota katika mabonde yenye maji na kandokando ya mito, na majani yanayotufaa ni yale machanga ya katikati ambayo bado hayajafunguka, kwa kuwa ndiyo mororo na ndiyo yanayokuwa meupe yakianikwa. Miyaa, inayoota zaidi sehemu kavu za karibu na pwani, ni migumu zaidi, nayo hufaa kwa majamvi, vikapu na nyuzi za kushonea. Bonde lina mwenyewe, kwa hiyo muombe kabla ya kuingia na panga, na usikate machanga yote ya shina moja, kwa sababu shina lililopokonywa kilele chake mara kwa mara hudumaa na mwakani utarudi ukute makavu.

Kazi ya kukata na kuanika ifanye wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua linapokuwa kali na mvua ni chache. Anika asubuhi, geuza adhuhuri, ingiza ndani kabla ya magharibi, kwa sababu umande wa usiku mmoja unatosha kutia madoa ukindu wote uliokwisha kuwa mweupe. Masika ikiingia, kuanzia Machi hadi Mei, huwezi tena kuanika kitu, lakini ndio wakati bora wa kusuka: jani kavu mno hukatika vidoleni, na unyevu wa hewa ya masika hulilainisha likakubali kupindwa. Watu wengi kijijini kwetu hufanya kinyume, wakaanza kutafuta ukindu mvua zikiwa zimeshaanza, kisha wakalalamika kwamba unaota ukungu. Ukiwa na ukindu mkavu wa kutosha kufikia mwisho wa Februari, miezi mitatu ya mvua itakuwa miezi yako ya kazi. Mvua zikipungua mnamo Juni, shona ulichosuka, kwa sababu mkeka ulioshonwa ukili wake ukiwa na unyevu hulegea mishono unapokauka.

Kuanzia Julai mambo mawili hutokea pamoja. Wageni huongezeka Unguja, na msimu mkubwa wa karafuu huanza huku kwetu, ukaweza kuendelea mpaka mwishoni mwa mwaka. Karafuu zikizaa vizuri, fedha huingia kijijini kwa wingi kuliko wakati mwengine wowote, na watu ambao mwaka mzima walikuwa wakiusifu mkeka wako kwa maneno sasa huununua. Lakini usitegemee kusuka miezi hiyo, kwa sababu wewe mwenyewe utahitajika kuchambua karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, usiku kucha pamoja na watu wa nyumbani, na vidole vilivyochambua karafuu kutwa havina tena wepesi wa kusuka pambo. Karafuu hazizai sawasawa kila mwaka, kwa hiyo weka akiba ya mwaka mzuri kwa ajili ya mwaka ambao mikarafuu itapumzika.

Juu ya mpango huo wa jua na mvua weka mpango wa mwezi mwandamo. Misala hutafutwa zaidi mwezi wa Shaabani, watu wanapojitayarisha kwa Ramadhani, na mikeka ya harusi hutafutwa tena kuanzia Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka wa kawaida, Shaabani ya miaka michache ijayo haitaangukia mahali ilipoangukia mwaka huu, na msukaji anayeshika kalenda moja tu hujikuta na misala mingi wakati hakuna anayeitafuta.

Hesabu saa kabla ya kutaja bei

Chukua mkeka wa futi 6 kwa futi 4, unaoshonwa kwa ukili wenye upana wa inchi 3. Futi 4 ni inchi 48, kwa hiyo unahitaji mistari 16 ya ukili, kila mmoja una urefu wa futi 6, na jumla yake ni futi 96, ambazo ni pima 16. Ongeza pima 2 za upindo na za kupunguzwa, utapata 18. Mimi ukili wenye pambo la rangi mbili hunichukua saa 3 kwa pima moja, kwa hiyo kusuka peke yake ni saa 54. Kuchana na kutia rangi ni saa 6, kushona na kupindia ni saa 8. Jumla ni saa 68. Tuseme mkeka huo unauzwa shilingi 40,000 na ukindu, rangi na nyuzi vimekugharimu shilingi 8,000. Zilizobaki ni shilingi 32,000, na ukizigawa kwa saa 68 utaona kwamba kila saa imekupa shilingi 470 tu.

Sasa chukua msala wa futi 4 kwa futi 2 wa ukili ule ule. Mistari ni 8, urefu wa ukili wote ni futi 32, na ukiongeza upindo unafika pima 6, yaani saa 18 za kusuka na kama saa 5 za kazi nyengine. Ukiuuza kwa shilingi 20,000 baada ya kutumia 3,000 kwa vifaa, umepata shilingi 17,000 kwa saa 23, ambazo ni karibu shilingi 740 kwa saa. Mimi nilifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza baada ya kusuka kwa miaka mingi, nikiwa na daftari la mwanangu la skuli, na nilikaa kimya kwa muda mrefu, kwa sababu niligundua kwamba mikeka mikubwa niliyokuwa nikijivunia ilikuwa ikinirudisha nyuma.

Fanya hesabu kama hiyo kwa bei za kwenu na kwa kasi ya mikono yako, kila kitu unachokisuka kwa mstari wake. Andika saa ulipoanza na saa ulipoacha, hata kama ni nusu saa baada ya alasiri. Baada ya miezi mitatu utajua kitu gani kinakulisha na kitu gani unakisuka kwa mapenzi tu. Hicho cha mapenzi usikiache, kwani mkeka mkubwa ndio unaoonesha watu kiwango chako, lakini usuke kwa oda iliyolipiwa, usiuweke ukingojea mnunuzi.

Usijaribu kushindana kwa bei na mikeka ya plastiki ya madukani, kwa sababu ile inatoka kiwandani na wewe una vidole kumi. Plastiki haishonwi kwa vipimo vya chumba kisicho na pembe sawa, haiwezi kushonwa upya upande mmoja ukichakaa, na haiwezi kutiwa pambo ambalo mama wa bibi harusi alikuwa nalo kwenye harusi yake mwenyewe. Yote hayo unaweza kuyafanya wewe, na kila moja lina bei yake. Marekebisho ya mikeka ya zamani hasa wasukaji wengi huyadharau. Mimi hunipatia fedha ndogo za kila wiki, na kila mkeka ninaouletewa hunifundisha namna mtu mwengine alivyoshona.

Jamaa, majirani na deni

Mjini mteja akikukopa akakimbia, umepoteza fedha. Shamba, ukimdai jamaa vibaya umepoteza fedha, umepoteza jamaa, na pengine umepoteza mtu wa kukusaidia siku ya shughuli yako. Kwa sababu hiyo wasukaji wengi huamua kunyamaza, wakawa wanasukia ukoo mzima bure, na mwisho wao huacha kazi kwa uchungu. Njia niliyoishika mimi ni kutenganisha gharama ya vifaa na ujira wa mikono. Shangazi yangu alipokuja akasema, “Mwanangu, nisukie msala mzuri nimpelekee mkwe, fedha utapata karafuu zikichumwa,” nilimjibu, “Inshallah shangazi, nitakusukia. Ukindu na rangi yake ni elfu tatu, nipe hizo leo nikanunue, na zilizobaki tuandike.” Alitoa, tukaandika, na karafuu zilipochumwa alilipa bila ya kukumbushwa. Anayetoa arubuni, hata ikiwa ndogo, anakuwa amekubali mbele yako kwamba kitu kina bei, na neno “tuandike” halimvunjii mtu heshima ikiwa unaliambia kila mtu kwa sauti ile ile.

Daftari la madeni liwe na jina la kitu, siku ya kuagizwa, arubuni iliyotolewa na siku ya kukabidhi. Usitaje deni mbele za watu, wala usitume mtoto kwenda kudai. Nenda mwenyewe, baada ya msimu, kwa salamu kwanza.

Msiba uuweke nje ya hesabu zote hizi. Panapotokea kifo kijijini, mikeka hutandikwa kwa watu kukaa, na mwenye mikeka hupeleka bila ya kuombwa. Mimi nina mikeka minne niliyoisuka kwa ukili wa miyaa, minene na isiyo na mapambo, kwa ajili ya misiba, hitima na maulidi tu, na huihesabu kama gharama ya kuishi hapa, kama ambavyo mwengine hupeleka kuni au kuchota maji. Ukikosa mikeka ya namna hiyo utalazimika kutoa ile ya mauzo, nayo hurudi ikiwa imechafuka, halafu utamnung'unikia mfiwa, jambo ambalo si la kiungwana.

Lililobaki ni baraza. Kusuka kwa asili ni kazi ya kufanyika watu wakizungumza, na kwa hivyo jirani anayekuona unasuka hukuona kama mtu asiye na shughuli, akakuomba umchungie mtoto, umpigie kinu, umsindikize kituo cha afya. Ukili mweupe usiokuwa na pambo unaweza kuusuka huku ukizungumza, kwa sababu vidole vinajua njia. Ukili wa pambo hauwezi. Ukiwa na chane kumi na tatu, nne kati ya hizo ni nyekundu, unavuka mbili, unazamisha moja, na ukipoteza hesabu kwa sababu mtu amekuuliza bei ya dagaa, utakuja kuona kosa hilo baada ya nusu pima, nawe itabidi ufumue. Mimi nimewaambia majirani zangu kwa maneno mazuri kwamba baina ya saa mbili na saa sita mchana niko ndani kazini, na kwamba baada ya alasiri niko barazani kwa ukili mweupe na mazungumzo. Ilichukua kama mwaka mzima kuzoeleka. Watu wa nyumbani nao wawekee makubaliano hayo hayo, kwa kuwa hakuna jirani atakayeiheshimu kazi ambayo mumeo au mkeo haiheshimu.

Rangi isiyochuja

Mwaka mmoja nilisuka misala sita yenye mistari myekundu, ikauzwa yote Shaabani. Wiki mbili baadaye mzee mmoja alikuja nyumbani na kanzu yake nyeupe mkononi, yenye alama nyekundu mahali pa magoti mawili. Alikuwa amesali mikono na miguu ikiwa bado na maji ya udhu, na msala ukamwagikia rangi. Nilimrudishia fedha zake, nikawafuata wanunuzi wengine watano mmoja mmoja, na hasara ile nilikaa nayo mpaka karafuu.

Kosa langu lilikuwa haraka. Rangi ya unga inayouzwa madukani haishiki ukindu kwa kutoswa. Lazima ichemke pamoja nao. Chana chane zako kwanza na uziloweke maji baridi usiku mmoja, ili jani linywe rangi sawasawa. Chemsha maji kwenye sufuria kubwa unayoitumia kwa rangi tu, koroga rangi mpaka isibaki madonge, kisha tia chane zikiwa zimefungwa mafungu malegevu na uzigeuze kwa mti huku moto ukiendelea kuwaka kwa kiasi, si chini ya nusu saa. Epua, acha zipoe humo humo, kisha suuza. Hapo ndipo mimi nilipokosea: suuza mpaka maji yawe meupe kabisa, hata kama ni mara nane, halafu anika kivulini. Kabla ya kusuka hata shubiri moja, chukua kitambaa cheupe kilichorowa, bana chane moja kwa kitambaa hicho na uivute kwa nguvu. Kitambaa kikitoka na rangi, rudi kwenye ndoo.

Rangi za kienyeji zina wapenzi wake. Manjano hutoa rangi ya njano inayopauka upesi juani, zingefuri hutoa nyekundu ya kuelekea rangi ya chungwa, na maganda ya mkoko hutoa hudhurungi yenye kushika sana. Mkoko usiuchune ukiwa hai. Tafuta maganda ya miti iliyokwisha kukatwa kwa ujenzi.

Kuuza nje ya kijiji

Pemba hupata wageni wachache sana kulinganisha na Unguja, kwa hiyo anayetaka kuuza kwa watalii lazima vitu vyake vifike Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, au vifike hoteli za pwani. Kumbuka kwamba Aprili na Mei maduka mengi huko hayana biashara, na ukipeleka mzigo wakati huo utakaa.

Nilipata kupeleka mikoba 20 na kawa 12 kwenye duka moja mjini, kwa makubaliano ya mdomo kwamba nitalipwa kila kinachouzwa. Baada ya miezi saba nilirudishiwa vitu vingi vikiwa na ukungu, na vilivyokosekana hakuna aliyejua kama vimeuzwa au vimepotea. Tangu siku hiyo ninafuata utaratibu mmoja: muuzaji ananunua kwa bei ya jumla na kulipa papo hapo, nami nampunguzia kwa sababu hiyo, au tunaandikiana karatasi mbili zenye idadi, bei, tarehe ya kuhesabu na jina la atakayebeba hasara ya kilichoharibika. Anayekataa karatasi, simuachii mzigo.

Kwa wanunuzi wa simu, piga picha asubuhi, kivulini, na uweke kitu kinachojulikana ukubwa wake kando ya unachokiuza, kama sahani pembeni ya kawa. Taja vipimo kwa sentimita, kwa sababu shubiri yako si shubiri ya mnunuzi. Mzigo unaopanda boti Mkoani kwenda Unguja uviringishe, usiukunje, upande wa pambo ukiwa nje, kisha uufunge kwa turubai jepesi kwa ajili ya maji ya bahari. Mwambie mpokeaji aufungue siku ile ile.

Kikundi, usajili na vipande vya kumbukumbu

Oda ya mikeka 30 mtu mmoja haiwezi. Kikundi cha wasukaji sita au saba kinaweza, ikiwa mmekubaliana mapema juu ya upana wa ukili na idadi ya chane, kwa sababu mikeka ya mikono saba tofauti isiyopimwa haifanani na mteja ataikataa. Tengenezeni kijiti kimoja cha kupimia na kila mmoja awe na nakala yake. Upatu wa kila wiki huwasaidia kununua ukindu wa jumla Februari, mradi anayepokea mwezi huo ajue kwamba fedha ni za ukindu.

Usajili uanzie kwa sheha, kwa kuwa barua yake ndiyo mara nyingi huulizwa kwanza. Wasanii na vikundi vya sanaa hapa kwetu wako chini ya Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na masuala ya hakimiliki husimamiwa na COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003. Mapambo tuliyorithi kwa mabibi zetu ni ya wote na hakuna awezaye kumzuia jirani kuyasuka. Pambo ulilolibuni mwenyewe ni jambo jengine, na ili uweze kulitetea lazima uoneshe kwamba lilianza kwako.

Kwa hiyo kila ukimaliza ukili mpya, usiutumie wote. Kata kipande cha shubiri moja, kishone ncha zake kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, kisifumuke, na ukifungie kikaratasi chenye jina ulilolipa pambo hilo, idadi ya chane, rangi ulizotumia, saa ulizotumia kwa pima moja, na mwezi na mwaka. Vyangu viko ndani ya kopo la biskuti, vimefika 61, na mteja akinipigia simu kutoka Unguja humtajia nambari ya kipande, nikampigia picha, na anapoagiza sihitaji kukisia bei.